Mshonaji wa Saa Saba Mchana

Kabla sijafungua mdomo, weka kwanza mkono wako kifuani, ule wa kulia, huo huo, uape kwamba haya yataishia hapa. Usimpelekee dada yako, wala shoga yako, wala mumeo hata akuletee viatu vipya. Hivyo hivyo ndivyo mke wa Fundi anavyoapisha watu, na wanaapa, na siri inakaa vifuani mwao siku nzima, tangu asubuhi mpaka alasiri. Halafu basi. Siri ni kama jino bovu, ukiifungia mdomoni inanuka. Kwa hiyo sikiliza, na ukiulizwa, hukusikia kwangu.

Jini la kwanza katika nyumba ya Fundi lilikuwa mke wa Fundi mwenyewe.

La pili ndilo lenye maneno.

Fundi alikuwa mshona nguo, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, dirishani, ambapo kila apitaye alimwona ameinama. Miezi saba nyuma kiharusi kilimwangusha hapo hapo, akitia mkono wa koti la mteja. Alianguka na mguu juu ya pedeli, cherehani ikaendelea kushona peke yake mpaka uzi ukaisha. Alipotoka hospitali, upande wote wa kulia ulikuwa umekwenda zake. Ulimi ulirudi, umepinda kidogo. Mguu ulirudi nusu, wa kujikokota toka kitandani mpaka kwenye kiti. Mkono haukurudi.

Mkewe aliutunza kama mgeni asiyejua kuaga. Aliuosha, akaukata kucha, akaulaza juu ya mto mdogo, kiganja chini, kila mara kiganja chini, maana ukilazwa kiganja juu vidole vinajikunja kama anaomba. Yeye ndiye aliyemnyanyua mume, akamgeuza, akambadilisha shuka, akalifua, akalianika, akambadilisha tena. Kamba ya nguo aliitoa uani akaifunga ndani, toka msumari wa dirisha hadi msumari wa mlango, juu ya kiti cha Fundi, ili aanike huku anamtazama. Jioni alikuwa akikaa kwenye kizingiti na kusahau kwa nini amekaa.

Siku za Jumanne na Ijumaa alikuja binti mmoja wa kliniki, walimwita Binti wa Mazoezi. Alikuja na sponji, vibanio vya nguo na subira.

"Finya, Baba."

"Nafinya."

"Hujafinya."

"Nimefinya moyoni."

Binti alicheka, lakini hakumwachia. Alikuwa na kipimo chake. Alikigusa kidole cha mwisho cha mkono ule, kile kidogo, akasema: "Hivi vinne vikijikunja sitashangaa, misuli ina vituko vyake. Lakini siku utakayoinua hiki kidogo, peke yake, vingine vimetulia, siku hiyo nitajua aliyeamuru ni wewe."

Mwezi wa tatu kidole gumba kilitikisika. Mara moja tu. Hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu ya dada yake Fundi.

Dada huyo mtaa mzima ulimwita Kengele, na ukimsikia huulizi kwa nini. Alikuja kumuuguza kaka yake kwa wiki moja, na kimkoba kimoja kidogo. Mwezi wa saba alikuwa na masanduku mawili na kiti chake mwenyewe. Gumba lilipotikisika, Kengele alitoka barabarani akaita watu. Wakajaa. Wakamzunguka Fundi kama watu waliokuja kutazama ndama wa vichwa viwili. "Tikisa tena! Tikisa na sisi tuone!" Fundi akajaribu mpaka mshipa wa shingo ukamtoka, na gumba likalala. Mmoja akasema "pole", mwingine akatazama saa, wakaondoka mmoja mmoja. Siku hiyo Fundi aliitupa sponji na akageuza uso ukutani, na tangu hapo Binti wa Mazoezi akawa anavinyoosha vidole vile mwenyewe. Mwezi wa nne alisema neno moja usiku, kwa upole sana, lililomfanya mkewe akusanye mikasi yote na nyembe zote za kufumulia, azifungie kabatini na kuuning'iniza ufunguo shingoni mwake.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha. Sasa njoo kwenye ile saa.

Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo hata kuku hujiegesha kivulini. Bati lilikuwa likilia kwa joto, tik, tik. Kengele alikuwa amelala chumba cha ndani mdomo wazi. Fundi alisinzia kitini. Mke wa Fundi alikuwa amefua shuka la tatu tangu asubuhi, na Kengele, kabla hajalala, alikuwa amemwambia, "Wifi, hilo gauni langu la buluu ulipige pasi vizuri, jana lilikuwa na makunyanzi, mtu angedhani sina wifi."

Gauni la buluu lilikuwa limening'inia pale kambani. Mke wa Fundi akalitazama. Akafungua kisanduku cha mumewe, akatoa sindano na uzi mweusi, akaukunja mara mbili, akaushona mdomo wa mkono wa kushoto wa gauni lile, ukafungika kabisa.

Alishona vibaya. Mfinyanzi hulia gaeni: miaka ishirini na tisa ameolewa na fundi na hajui kutia kifungo. Mishono yake ilikuwa kama nyayo za kuku kwenye tope. Akakata uzi kwa kisu cha jikoni, akaenda kujilaza, na moyo wake, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ukatulia.

Alasiri Kengele alitoka kuoga, akavaa. Mkono ukaingia, haukutoka.

"Nimeshikwa! Nimeshikwa mkono! Wifi! Kaka! Kuna mtu humu ndani ya gauni!"

Akatimka na gauni kichwani, akagonga mlango, akagonga kabati, akaangusha ndoo, akaishia sakafuni anapigana na nguo yake mwenyewe. Na kutoka kwenye kiti pakatoka sauti. Mke wa Fundi alidhani mumewe amepaliwa. Akamkimbilia. Fundi alikuwa anacheka. Mdomo ulikuwa unacheka upande mmoja tu, ule mwingine unatazama, lakini machozi yalimtoka macho yote mawili.

"Ame... amegombana na mkono," alisema Fundi, na akacheka tena.

Basi mke wa Fundi akarudia. Ungekuwa wewe usingerudia? Keshokutwa yake alishona mfuko wa gauni. Jumatatu akashona mkono wa kulia. Kila mara Kengele alipiga kelele, kila mara Fundi alicheka nusu mdomo, na Jumanne aliomba mwenyewe aletewe uji, akaumaliza. Kengele akaanza kufukiza ubani mpaka jikoni. "Nyumba hii ina mtu," alikuwa akisema. "Wewe cheka tu, kaka. Ina mtu."

Mke wa Fundi aliinamisha uso akachekea sufuria. Wazee walisema: ukimwigiza mtu, usishangae akija kuangalia unavyomwigiza.

Alhamisi alikwenda kuchukua dawa za mume, akachelewa kwenye foleni. Aliporudi ilikuwa imepita saa nane, ametota jasho. Akaoga, akalitoa kambani gauni lake mwenyewe, lile la kahawia, akaingiza mkono. Ukaenda, ukaenda, ukagota.

Alicheka. Alisema peke yake, "Ahaa, Kengele kanigundua, ananilipa." Akageuza mdomo wa mkono wa gauni kwenye mwanga wa dirisha, na kicheko kikamkauka.

Mishono ilikuwa midogo, iliyofuatana kama sisimizi, yote sawasawa, kana kwamba imepimwa kwa rula. Mishono hiyo alikuwa ameipiga pasi miaka ishirini na tisa. Mwishoni palikuwa na fundo la mizunguko mitatu, mkia wake umefichwa ndani ya pindo usikwaruze ngozi ya mvaaji. Hakuna mshonaji mwingine mtaani aliyejisumbua kuuficha mkia. Na ncha ya uzi haikukatwa kwa chuma. Ilikuwa imechanika, imetafunwa, na alipoigusa kwa kidole, bado ilikuwa na unyevu.

"Wifi," alimwita Kengele, sauti ndogo. "Umeshona gauni langu?"

"Mimi?" Kengele alitokea na miwani yenye kioo kimoja, kile kingine kilivunjika alipogombana na gauni. "Mimi hata sindano siioni, wifi, hata ufunguo wa mlango nautafuta kwa kupapasa. Nishone nini?" Halafu akaona kilicho mkononi mwa mwenzake, na Kengele, kwa mara ya kwanza, hakulia. Alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

Mke wa Fundi hakumwuliza mumewe. Angeuliza nini? Mkono uko palepale juu ya mto, mzito kama gunia la pamba iliyonyeshewa. Na ule wa kushoto hajawahi kushika nao hata kijiko bila kumwaga.

Siku iliyofuata, saa saba, alijilaza kwenye mkeka chumba cha ndani, nyuma ya pazia, macho yamefumba na masikio wazi. Kengele alikuwa amejifunika shuka gubigubi. Bati lililia, tik, tik. Kisha bati likanyamaza, na mahali pake pakaja sauti nyingine, ndogo, ya kitu chembamba kinachopenya kitambaa, tk, halafu uzi unaovutwa taratibu, sss, halafu tena tk, halafu tena sss, bila haraka, kama mtu mwenye mchana mzima mbele yake na asiyedaiwa nguo na yeyote. Harufu ikaingia chini ya pazia, harufu ya mafuta ya cherehani na ya pasi ya mkaa iliyokolea moto juu ya kitambaa kilicholowa, na pasi katika nyumba ile ilikuwa haijawashwa siku hiyo, na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka kama maiti. Akalala pale akihesabu tk na sss mpaka akapoteza hesabu, akifikiria jinsi alivyoliita jini mwenyewe, kwa sindano yake mwenyewe na mishono yake mibovu, kama mtu aliyebisha hodi kwa mzaha kwenye nyumba asiyoijua, na sasa mwenye nyumba ametoka na ameamua kumsindikiza mgeni wake mpaka kwake.

Sauti ilipokoma aliinuka, akasogeza pazia.

Fundi alikuwa amelala kitini, udenda umemtoka upande mbovu. Mkono ulikuwa juu ya mto. Lakini kiganja kilitazama juu.

Kambani hapakuwa na nguo iliyobaki na mdomo. Magauni, mashati ya Fundi, soksi, hata foronya za mito. Vyote vimeshonwa, vimefungwa, vimetulia.

Sasa mwanamke mwenye hofu ataifanyia nini hofu yake? Alikwenda kwa muuza mkaa, akamwapisha, akamwambia. Muuza mkaa akaapa akilia, akaenda kuwaapisha watu wawili. Jioni, mtaa mzima ulikuwa umeapa. (Usinitazame hivyo. Mimi ni wa nne.) Na Kengele, alipoona siri imetoka, alitoka nayo pamoja, akarudi kesho yake na mganga.

Mganga huyo aliitwa Mzee Kamba. Wengine hufukiza, wengine hupiga ramli, yeye anafunga. Alikuwa mzee mwenye kikohozi na macho ya mtu asiyelala vizuri, na alisalimia kila mtu mmoja mmoja kabla ya kukaa. Akaishika foronya, akanusa ncha ya uzi. Akaupapasa mkono wa Fundi toka kiwiko hadi kucha, polepole, kama anayechagua muhogo. Kisha akauweka chini.

"Halimo nyumbani," alisema. "Limo mkononi. Lilikuta nyumba tupu, mwenyewe kahama, likaingia. Mkono huu nitaufunga kwa kamba iliyolowa, toka kiwiko mpaka ncha za vidole, siku arobaini. Usifunguliwe, usioshwe. Litakosa kazi, litaondoka."

Ilikuwa Jumamosi, lakini habari haziulizi siku: Binti wa Mazoezi alikuwa amekwisha sikia, na aliingia akihema. "Siku arobaini? Mzee wangu, heshima yako, lakini mkono huo ukitoka kwenye kamba utakuwa kuni. Hautarudi tena."

"Na wewe miezi saba umemfinyisha sponji," alidakia Kengele. "Nani kapona, kaka au sponji?"

"Anaendelea. Polepole, lakini anaendelea."

"Anaendelea wapi? Mwambie atikise!"

Watu waliosimama mlangoni wakamtazama Fundi. Fundi akautazama mkono wake. Alionekana mzee kuliko Mzee Kamba.

"Fungeni," alisema. "Nimechoka kuungoja. Ufungwe, tujue umekufa, tulale."

Hapo mke wa Fundi aliona kila kitu kwa mara moja: mto mdogo, kiganja chini, kucha alizokata, mashuka yote yale, na yote yanaingia ndani ya kamba yasitoke. Na aliyeanzisha ni nani?

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasema tena kwa nguvu. "Ni mimi niliyeshona! Gauni la wifi, ni mimi. Hakuna jini. Nilichoka, nikashona. Mkimfunga mkono mtamwonea."

Kengele akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua. "Wewe? Wewe ndiye uliyenikimbiza nusu uchi mbele ya kaka yangu?"

"Ndiyo, wifi."

"Na miwani yangu?"

"Nayo ni mimi, wifi. Nisamehe."

Mzee Kamba hakukasirika. Alimpa sindano na kipande cha kitambaa. "Shona, mama."

Akashona. Nyayo za kuku zikatembea kwenye kitambaa, na mlangoni mtu akashindwa kujizuia, akacheka. Mzee Kamba akaweka kitambaa kile kando ya foronya, vikalala pamoja, na hata mtoto angeona.

"La kwanza, la pili, la tatu ni lako," alisema kwa huruma. "Haya mengine si yako. Ulifungua mlango tu."

Akaitia kamba kwenye beseni la maji.

"Basi nipe kesho," alisema mke wa Fundi. Alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Mzee wangu, mwizi hafungwi kwa kushukiwa, anafungwa kwa kushikwa. Kesho saa saba mkae hapa wote, mtazame kwa macho yenu. Mkimshika ana sindano, mfunge. Msipomshika, uniachie mkono wa mume wangu."

Mzee Kamba akakohoa, akafikiri. "Haya. Lakini kamba naiacha majini."

Kesho yake saa saba walikaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, wamebanana kama dagaa kwenye gunia: mke wa Fundi, Kengele, Mzee Kamba na kamba yake inayodondosha maji, Binti wa Mazoezi, muuza mkaa, na nyuma yao wale walioapa. Kambani waliacha nguo moja tu, gauni la buluu, lililokwisha kufumuliwa. Fundi hakuambiwa kwamba wamekwisha kujificha. Usiku kucha hakuwa amelala, na alipowekwa kitini tu, shingo ikamwanguka.

"Muuza mkaa, usinikanyage," alinong'ona Kengele.

"Nimekanyagwa mimi, nitakukanyagaje?"

"Shh."

Bati lililia. Likanyamaza.

Harufu ndiyo iliyotangulia, mafuta na pasi ya moto, na muuza mkaa, anayejua moto wa kila aina, akamshika Binti wa Mazoezi begani. Halafu wakauona. Mkono wa kulia wa Fundi, ule uliolala miezi saba kiganja chini, ulijipindua juu ya mto, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani asimwamshe mwenzake, na vidole vikaamka kimoja baada ya kingine, gumba, cha shahada, cha kati, cha pete, vyote isipokuwa kile kidogo, ambacho kilibaki kimelala kikiburutwa na wenzake, na mkono ukapanda kifuani mwa Fundi kama kaa anayepanda jiwe, ukafika kwenye ukosi wa shati, pale ambapo kila mshona nguo huchomeka sindano zake, na ukachomoa sindano yenye uzi ambayo mke wa Fundi, aliyembadilisha shati lile asubuhi kwa mikono yake, aliapa baadaye kwamba haikuwepo. Uso wa Fundi haukubadilika. Alikuwa akikoroma. Mkono ukapanda juu ya kichwa chake, ukavuta mkono wa gauni la buluu, ukaubana kwenye goti, na ukaanza. Tk. Sss. Tk. Sss. Mishono midogo, sawasawa, mizuri, mizuri kiasi kwamba mke wa Fundi, katikati ya hofu yake, alijikuta analia, kwa sababu alikuwa hajaiona ikitengenezwa tangu cherehani iliposhona peke yake. Na ulipomaliza, mkono ukapeleka uzi kwenye mdomo wa mtu aliyelala, mdomo ukafunguka, meno yakakata, mdomo ukafumba, na mkoromo ukaendelea palepale ulipoishia.

"Tumemshika," alisema Mzee Kamba.

Akalivuta pazia. Wote wakamwagika chumbani pamoja. Mkono ukasimama hewani na sindano yake, kama mtoto aliyekutwa akiiba sukari. Mzee Kamba akanyoosha kamba. Lakini mke wa Fundi alikuwa amekwisha mtangulia, hajui mwenyewe anaenda kufanya nini, amesimama kati ya kamba na kiti, na sindano ikaanguka, na mkono ukamdaka.

Ulimdaka kifundo cha mkono. Ulikuwa na joto. Ulikuwa na nguvu. Miezi saba ameushika, na leo umemshika.

Fundi akafumbua macho. Akaona watu. "Mbona mmejaa hivi? Nimekufa?"

"Fundi," alisema mkewe. "Legeza."

Fundi akautazama mkono wake, akamtazama mkewe. Uso ukamvuja jasho. "Nalegeza."

"Hulegezi."

"Mke wangu, nalegeza kwa nguvu zangu zote."

Vidole vikazidi kubana. Kengele alikuwa ameshika kinywa kwa mikono yote miwili. Mzee Kamba akasema, "Sogea, mama, nifunge kabla halijakuvunja," na kamba ikadondosha maji kwenye miguu yao.

"Subiri!" Binti wa Mazoezi alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, sauti inamtetemeka lakini haachi. "Baba. Niangalie mimi. Achana na hivyo vinne. Cha mwisho. Kile kidogo. Kiinue."

"Watu wote hawa..."

"Hawapo. Kiinue."

Hakuna aliyepiga kelele "tikisa". Hakuna aliyetazama saa. Fundi alifumba macho, taya zikamkaza, mshipa wa shingo ukamtoka kama siku ile, na mke wa Fundi, aliyekuwa karibu kuliko wote, akausikia kwenye ngozi yake kabla hajauona, wepesi mdogo, upande mmoja, kama nzi aliyeruka. Kidole kidogo kilikuwa kimenyanyuka. Kilitetemeka kama mguu wa kifaranga siku ya kwanza, kikaanguka, kikanyanyuka tena, kikasimama, peke yake, na vile vinne chini yake havikulegea hata unywele mmoja.

"Hicho," alisema Fundi, na sauti ikampasuka. "Hicho ni changu."

Kengele akanong'ona, na Mungu ni shahidi hakuwahi kunong'ona tangu azaliwe: "Na hivyo vinne, kaka?"

Mke wa Fundi, amekaza meno kwa maumivu, kucha alizozikata mwenyewe zikimzama nyamani, akamgeukia Mzee Kamba mbele ya wote.

"Nenda kaanike kamba yako, mzee wangu. Kimoja kimerudi. Hivi vinne tutalinyang'anya jini kimoja kimoja."

Na mkono, kana kwamba umesikia, ukakaza.